KANGA YAKO INAMSEMA NANI?

Msomaji, ukipanda Lushoto miezi ya baridi, Juni au Julai, utawaona kina mama wa Kisambaa wamejitanda kanga juu ya sweta, na mtoto mgongoni kafungwa kwa kanga nyingine. Usidhani wanatafuta joto tu. Soma yale maandishi, pale juu ya pindo la chini!

Pengine anaambiwa mke mwenza, pengine wifi mwenye mdomo. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" inapita mlangoni kwake, taratiiibu. Akija juu, jibu lipo: mimi nimesema nini, shoga? Nguo nimenunua dukani.

Na si utani, jamani. Mke mgeni hajibizani na mama mkwe. Akifungua mdomo ataambiwa hana adabu, pengine arudishwe kwao. Kanga haiitwi kwenye kikao cha ukoo.

Kinachonifurahisha ni kwamba nyumbani wanaongea Kisambaa, lakini kijembe kinatoka kwa Kiswahili, lugha iliyopanda mlima kutoka pwani kama nguo yenyewe. Inasimuliwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakiunga leso sita, tatu kwa mbili, wakapata nguo moja ya kujifunga. Yaani kanga ilianza kama kazi ya viraka! Majina yalikuja karne ya 20, na sifa hiyo anapewa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla".

Wapo wanaume wanaosema hayo ni mambo ya wanawake wasio na kazi. Wasomi hawakucheka. Mwaka 1997 Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika makala nzima kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke. Mwaka 2001 Rose Marie Beck akatoa kitabu kizima, tena kwa Kijerumani.

Sasa wewe kaka unayemnunulia mchumba, usiangalie rangi tu. Uliza: jina lake nini? Doti ni kanga mbili, jina moja. Ukikosea, umemtukana mara mbili! Hata bibi asiyejua kusoma haondoki dukani mpaka mtoto wa shule amsomee jina, tena arudie.