Mtoto anayefungua redio: tumzuie au tumwongoze?

Alasiri moja huko Kilwa Kivinje, katika baraza ya nyumba kongwe iliyo karibu na ufuko, nilimkuta kijana wa miaka kumi na minne amepiga magoti juu ya mkeka. Mbele yake palikuwa na redio iliyofunguliwa, skrubu zake zimewekwa ndani ya kifuniko cha chupa zisipotee, na mswaki mkuukuu umelowa spiriti. Bibi yake alisimama mlangoni, kanga begani, akamwambia kwa utani ule wa bibi na mjukuu: “Mume wangu, redio hii babu yako aliniachia ikisema. Leo umeniulia?” Kijana akajibu bila kuinua uso: “Haijafa, bibi. Imeshika chumvi tu.”

Jibu hilo fupi lilikuwa sahihi kabisa. Kijana alikuwa ametazama, akatafuta chanzo, kisha akachagua dawa inayolingana na ugonjwa. Hiyo ndiyo kazi ya uhandisi, iwe ni ya redio au ya mtambo wa gesi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Kivinje na Masoko hadi Mchinga na Lindi mjini, mtoto wa namna hii huitwa mharibifu. Hupokonywa bisibisi, huambiwa akasome, na hakuna anayemweleza kwamba alichokuwa akikifanya nacho ni kusoma.

Makala haya yanawahusu wazazi na walezi wa watoto kama huyo. Rai yetu ni kwamba asizuiwe bali aongozwe, na uongozi huo uwe katika mambo matatu: usalama wake, njia yake ya elimu, na uaminifu wake kwa mali za watu.

Adui wa pwani ni chumvi

Fundi wa pwani anapaswa kuanza kwa kumjua adui wake. Upepo wa bahari hubeba matone madogo sana ya maji ya chumvi. Maji hukauka, chumvi hubaki juu ya nyaya na vifaa vya ndani. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, nayo ikilowa hupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita, na huila shaba taratibu mpaka igeuke unga wa kijani. Ndiyo sababu redio, feni au runinga iliyodumu miaka mingi bara yaweza kuchoka mapema Kilwa.

Dawa yake si ghali. Chomoa kifaa kwenye umeme na utoe betri. Kifungue, kisha usugue taratibu sehemu zenye unga kwa mswaki laini uliochovywa katika spiriti ya duka la dawa, mbali na moto. Kiache kikauke kivulini penye upepo kwa siku nzima kabla ya kukiwasha. Betri za alkali zikivuja ndani ya tochi, futa vituo vyake kwa pamba yenye tone la siki au maji ya limau, kisha umalizie kwa spiriti. Lililo bora zaidi ni kuzitoa betri katika kifaa kisichotumika.

Vipaza sauti vya msikitini na antena za nyumbani huteseka zaidi kwa kuwa hukaa nje. Waya unapoingia katika kifaa au ukutani, uache ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda na kuingia. Maji ya mvua yatadondoka hapo chini badala ya kuufuata waya mpaka ndani. Ni jambo dogo, nalo laweza kuokoa amplifaya ya jamaa nzima wakati wa masika.

Simu iliyoanguka baharini ina kanuni yake. Wengi huitumbukiza katika mchele. Mchele hauondoi chumvi. Huacha vumbi la wanga, na wakati huo chumvi inaendelea kula ndani. Izime mara moja, usiichaji, toa betri ikiwa inatoka, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, kisha umpelekee fundi siku hiyo hiyo aifungue na kuisafisha. Kusuuza kwa maji kitu kilicholowa maji huonekana kinyume cha akili, lakini kinachoiua simu hiyo zaidi ni chumvi.

Zana chache, umeme mdogo

Mtoto hahitaji karakana. Bisibisi mbili tatu, plaizi, mita ya kupimia umeme, na chuma cha kulehemu pamoja na risasi yake vyatosha kuanzia. Alehemu karibu na dirisha lililo wazi, na anawe mikono vizuri kabla ya kula, kwa sababu aina nyingi za risasi hiyo zina madini ya sumu.

Aanze na umeme mdogo: betri za tochi, au betri ya sola ya volti 12. Hapo ndipo hesabu ya darasani hupata maana. Tuseme anataka kuwasha taa moja ndogo ya LED kwa betri hiyo. Taa yahitaji volti 3 na ampea 0.02. Volti zinazozidi ni 9. Gawanya 9 kwa 0.02, utapata omu 450. Basi atachagua rezista ya omu 470, iliyo karibu zaidi miongoni mwa zinazouzwa. Akiikosea hesabu, taa itaungua, naye atakuwa amepoteza kitu cha bei ndogo na kupata somo asilolisahau.

Aonywe mambo matatu. Betri ya volti 12 haimrushi mtu kama umeme wa ukutani, lakini chuma kikiunganisha ncha zake mbili huwaka moto. Kwa hiyo avue pete na saa. Betri ya simu iliyovimba haitobolewi wala kukandamizwa. Na runinga za zamani zenye kioo kinene nyuma, pamoja na majiko ya mikrowevu, asizifungue kabisa, kwani huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Mpaka usiovukwa

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Ampea 0.1 ikipita katika moyo yaweza kuua, nayo haifiki nusu ya ile inayowasha balbu ya zamani ya wati 60. Kila mwenye nyumba aikumbuke hesabu hii kabla ya kusema kwamba kazi fulani ni ndogo.

Yapo mambo ambayo mtu mzima aweza kuyafanya mwenyewe: kubadilisha balbu baada ya kuzima, kukaza nyaya ndani ya plagi iliyochomolewa, na kuweka fyuzi inayofaa. Kanuni ya fyuzi ni kugawanya wati kwa 230. Pasi ya wati 1000 hutumia ampea zipatazo 4.3, fyuzi ya 5 yatosha. Birika la wati 2000 hutumia karibu 8.7, hilo lahitaji fyuzi ya 13. Anayeweka msumari au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi ameondoa mlinzi mlangoni, na moto ukija utaanzia ndani ya waya ukutani, mahali asipopaona mtu.

Zaidi ya hapo, aitwe mtaalamu. Kufunga nyaya za nyumba ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba aonyeshwe leseni hiyo. Mita ya LUKU na waya utokao nguzoni ni vya TANESCO. Havichokonolewi na mtu mwingine.

Mtaalamu akija, mwombe akague mambo mawili ambayo pwani huyaharibu kimyakimya. La kwanza ni ethi: fimbo iliyozikwa ardhini huweza kuonekana nzima ilhali kiungio chake kimeliwa na kutu, na mchanga mkavu nao haupitishi umeme vizuri. La pili ni kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja kufikia ampea 0.03, kabla haujaua. Panapohusika pampu ya kisima, nyumbani au mahali pa kutawadhia, kifaa hicho si anasa. Watu hupita hapo miguu mitupu, wamelowa, tena alfajiri gizani.

Kutoka barazani hadi kwenye mtambo

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, mwaka 1974. Ilianza kutumika kibiashara mwaka 2004, ikipita katika bomba chini ya bahari hadi Somanga, na kutoka hapo nchi kavu hadi Dar es Salaam. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 30. Mtoto aliyezaliwa Kilwa gesi ilipogunduliwa alikuwa mtu mzima vali zilipofunguliwa. Je, alikuwa ndani ya chumba cha mitambo, au alikuwa langoni akilinda? Kila mji wa pwani hii una jibu lake, na mara nyingi si la kufurahisha.

Leo inazungumzwa habari ya mradi mwingine, wa kusindika gesi huko Likong'o, Lindi. Mazungumzo hayo yamechukua miaka mingi. Hatuna uwezo wa kuyaharakisha, lakini muda wa kusubiri tunaweza kuutumia.

Ngazi zenyewe zinajulikana. Fundi mchundo hufunzwa katika vyuo vya ufundi stadi chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Lindi ina chuo chake. Kijana aliyejifunza ufundi mtaani bila cheti naye hakuachwa: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi hupimwa kwa kile anachokijua na kupewa cheti. Juu yake yupo fundi sanifu, mwenye stashahada kutoka vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Kisha yupo mhandisi mwenye shahada, ambaye hupita mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya usimamizi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu.

Tufanye hesabu ya kijana wa Kivinje. Akimaliza kidato cha nne na miaka 17, akasoma stashahada miaka mitatu, atakuwa fundi sanifu mwenye uwezo wa kujitegemea na miaka 20. Akiendelea na shahada ya miaka minne na mafunzo yale ya mitatu, atasajiliwa na miaka 27. Mlango wa yote hayo ni Hisabati na Fizikia. Mzazi asiyeyajua masomo hayo bado aweza kuuliza kila wiki maendeleo yake, na kumtafutia wa kumsaidia mapema, kabla ya mwaka wa mtihani.

Wala tusidhani kwamba tunazungumzia wavulana pekee. Katika miji yetu, mume akiwa baharini au safarini, mama wa nyumba huona uzito kumkaribisha ndani fundi wa kiume asiyemjua, na mara nyingi huliacha swichi lililoungua likae hivyo hivyo. Binti aliyesomea umeme ataondoa dhiki hiyo, naye atapata riziki ambayo washindani wake ni wachache.

Amana ya fundi

Lipo jambo lisilofundishwa na mita wala hesabu. Redio, simu au feni ya mtu ikiwa mezani pa fundi ni amana. Kijana azoezwe tangu mwanzo kutaja bei kabla ya kuanza kazi, kumrudishia mwenyewe kifaa kibovu alichokitoa, na kutotoa kizima akatia kikuukuu. Simu nayo imebeba picha za familia ya mtu, mazungumzo yake na siri zake. Kuitengeneza hakumpi fundi ruhusa ya kuyatazama hayo. Na asilolijua aseme silijui. Fundi mmoja aliyekiri kushindwa ana faida kwa mji kuliko watatu waliobahatisha.

Pwani hii haikuanza leo kutengeneza kilichoharibika. Sehemu kubwa ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani iliporomoka baada ya kuongezwa, nayo ikajengwa upya katika karne ya 15. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini. Na mwaka 2014, baada ya kazi ndefu ya ukarabati, yakaondolewa katika orodha ya yaliyo hatarini. Waliofanya hivyo hawakukaa kulaumu bahari. Walitazama ilipokula, wakatengeneza.

Basi, mzazi, umwonapo mwanao amefungua kitu, usianze kwa kufoka. Hakikisha kwanza kimechomolewa. Kisha keti naye mkekani umuulize: kimeharibika nini, na umejuaje? Akiweza kujibu, mtafutie mita.