Usianze na GB: RAM ya Kompyuta ya Zamani

Kompyuta ya mezani ikianza kujikokota, ushauri wa kwanza ni "ongeza RAM." Si ushauri mbaya. Kasheshe huanza dukani, muuzaji anapouliza unataka ya GB ngapi. Kwa mashine ya zamani hilo ni swali la mwisho.

Chukua Dell OptiPlex 760 na 780, mashine za ofisini ambazo bado zinauzwa mitumba. Kwa nje zinafanana kama mapacha, na zote hutumia prosesa za ukoo wa Core 2. Ila 760 hutumia RAM ya aina ya DDR2 na kikomo chake ni GB 8, ilhali 780 ya umbo la mnara hutumia DDR3 na hufika GB 16. Vipande vya DDR2 na DDR3 vyote vina pini 240, lakini pengo la chini limewekwa mahali tofauti kwa makusudi, kwa kuwa DDR2 hutumia volti 1.8 na DDR3 volti 1.5. Kikigoma kuingia, usikisukume.

Basi zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, toa kipande kilichomo usome stika yake. Tuseme imeandikwa 4GB 2Rx8 PC3-10600U. PC3 maana yake DDR3. Namba 10600 ni kasi, ile ambayo mafundi huiita 1333, nayo isikuumize kichwa: 780 huiendesha kwa 1066, na ukichanganya vipande, vyote hufuata kilicho cha pole zaidi.

Herufi ya mwisho ndiyo inayoliza watu. U ni ya kompyuta za kawaida. R ni ya seva. RAM za seva zilizostaafu huuzwa kwa bei ya kuvutia, na za DDR3 huingia kwenye nafasi bila shida, vishikizo vikafunga vizuri, halafu mashine haiwaki. Wala hazijaharibika, ni kwamba ubao mama wa mezani hauzielewi. Stika ikiwa imebanduka, hesabu chipu: ukikuta 9 upande mmoja badala ya 8, kuna chipu ya ziada ya kusahihisha makosa, na hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba umeshika mali ya seva.

Sasa ile 2Rx8, ambayo hata baadhi ya wauzaji huipita tu. Kipande cha GB 4 kinaweza kuwa na chipu 16, nane kila upande, au chipu 8 tu zenye ujazo maradufu, na hizo huandikwa 1Rx8. Mashine za kizazi cha 780 zilitengenezwa kwa chipu ndogo. Ukizipa zile 8 kubwa, huenda zisiwake, au zikaona nusu tu ya ujazo. Kwa hiyo kwa GB 4, nunua yenye chipu pande zote mbili, hata ikizidi bei kidogo. Jihadhari pia na DDR2 za GB 4 zinazouzwa kwa bei ya kutupa kwa maelezo kwamba ni za AMD. OptiPlex hizi ni za Intel.

Nunua vipande viwili vinavyofanana, uviweke kwenye nafasi za rangi moja ili vifanye kazi sambamba. Patana na muuzaji kwamba utavirudisha vikikataa, kisha acha programu ya MemTest86+ ivipime usiku kucha. Kama Windows yako ni ya biti 32, utaona GB 3 na ushei hata ukiweka 8, kwa hiyo badilisha kwanza iwe ya biti 64.

Kwa kazi za ofisi na intaneti, GB 8 zinaitosha 780. Hela ya kuifikisha 16 afadhali ununulie SSD, maana diski yake ya kuzunguka ndiyo inayokuweka ukisubiri kila asubuhi.