Vifaa vya Mtoto wa Kwanza kwa Mdogo Wake: Kipi Kitumike Tena na Kipi Kiachwe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na familia zetu za Unguja na Pemba ni hili: vitu vya mtoto wa kwanza, yaani nguo, godoro, chandarua, kitanda na chupa, vinafaa kutumiwa na mdogo wake? Na kununua vipya ilhali vya zamani vipo, si israfu? Swali hili huwa zito zaidi kwa waliohamia bara kwa kazi, biashara au ndoa. Tuchukue mfano wa mkoa wa Mara, katika Musoma, Bunda na Butiama. Aliyehamia huko hulivusha bahari sanduku la vitu vya mtoto, akaja kulifungua karibu na Ziwa Victoria, ambako mazingira si yale ya visiwani. Tutajibu kwa kuwaangalia hao zaidi, na aliyebaki visiwani naye atapata fungu lake.

Jibu kwa ufupi: kutumia tena kunaruhusiwa, na ni jambo jema. Lakini kila kitu kikaguliwe kwa mambo mawili: umri wake, na mahali kitakapotumika. Kilichomfaa mtoto wa kwanza Unguja kinaweza kumdhuru wa pili Musoma.

Msingi wa kisharia

Mwenyezi Mungu amekataza ubadhirifu katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27. Pia ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu, katika Suratul Baqara, aya ya 195. Aya hizi hazigongani. Israfu ni kutoa mali pasipo haja. Mzazi anayenunua chandarua kipya kwa sababu cha zamani kimechakaa ana haja, tena haja kubwa, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Na mafakihi wamekubaliana kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Kwa hiyo shilingi iliyookolewa kwa kumlaza mtoto mahali pa hatari haihesabiwi kuwa ni uangalifu wa mali.

Vitu hivyo ni mali ya nani?

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, nguo na vifaa anavyonunua baba kwa ajili ya matumizi ya mwanawe ni vya kumstarehesha kwa muda wa haja yake, si vya kumilikishwa. Vikimpita kimo, baba anaweza kumpa mdogo wake. Ama zawadi aliyopewa mtoto mwenyewe na mjomba au bibi, kama bangili ya dhahabu, hiyo ni mali yake. Mzazi ni mwangalizi tu, na hatoi katika mali hiyo ila kwa maslahi ya mwenye mali.

Twahara kabla ya kurithisha

Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimiza miaka 2 na ambaye chakula chake ni maziwa tu, hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea pale ulipofika, baada ya kuondoa umajimaji wake. Wa mtoto wa kike huoshwa, na wa kiume naye huoshwa akishaanza kula chakula. Godoro ambalo mkojo umekauka, wala hapana rangi wala harufu, hutwaharika kwa kupitishiwa maji. Kulianika juani pekee hakutoshi katika madhehebu yetu, ijapokuwa jua linasaidia kulikausha.

Lakini twahara ni jambo moja na usalama ni jingine. Godoro linaweza kuwa twahara na bado lisifae. Tuviangalie sasa vitu kimoja kimoja.

Chandarua

Hiki ndicho kitu tunachokihofia zaidi. Zanzibar, kwa fadhila za Mwenyezi Mungu na juhudi za watu wa afya, kiwango cha maambukizi ya malaria kimekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Kanda ya Ziwa, ambamo Mara imo, ni katika sehemu zenye malaria nyingi zaidi nchini. Aliyekulia visiwani, akiwemo mama mjamzito, hana kinga aliyoijenga mwenyeji wa Bunda kwa kuugua mara kwa mara. Kwa hiyo chandarua kilichotoboka, ambacho Unguja hakikuleta shida, huko kinaweza kuleta msiba.

Chandarua chenye dawa ya muda mrefu hukadiriwa kufaa kwa miaka 3 hivi, au kufuliwa mara 20. Hebu tupige hesabu. Mama akinyonyesha miaka 2 kamili, kama ilivyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233, kisha akabeba mimba nyingine, chandarua cha mtoto wa kwanza kitakuwa kimefika ukingoni siku anapozaliwa wa pili. Habari njema ni kwamba utaratibu wa Tanzania Bara ni kumpa mama mjamzito chandarua anapohudhuria kliniki mara ya kwanza, na mtoto hupewa anapopata chanjo ya surua, akiwa na miezi 9. Mimba ya pili nayo ina haki yake. Mama asione haya kwenda mapema na kuuliza, wala asiseme "tunacho cha zamani".

Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila dawa ya kung'arisha nguo, na kianikwe kivulini, kwani jua kali huidhoofisha dawa. Kisifuliwe ziwani, kwa sababu dawa yake huua samaki. Na kikichakaa kisigeuzwe wavu wa kuvulia dagaa. Matundu yake madogo huzoa hata vifaranga vya samaki, na hiyo ni riziki ya watu wote.

Godoro na kitanda

Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila ya mto wala mablanketi mazito karibu na uso. Godoro la sponji lililobonyea katikati, au lenye ukungu ndani, liachwe. Uso wa mtoto huzama pale penye shimo, naye hana nguvu ya kugeuka.

Kitanda cha mbao kitikiswe kwa nguvu. Misumari iliyolegea ikazwe, na rangi inayobanduka ikwanguliwe na fundi mbali na watoto, kwani rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi. Nafasi baina ya fito na fito isizidi sentimita 6 hivi, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikakwama. Na baina ya godoro na ubavu wa kitanda visipite vidole viwili.

Chupa na nguo

Maziwa ya mama yanatosha kwa miezi 6 ya mwanzo. Anayelazimika kutumia maziwa mengine, kikombe kisafi ni bora kuliko chupa, kwa kuwa husafishika kwa urahisi. Ikiwa ni chupa, chuchu za zamani zitupwe, na chupa yenye mikwaruzo ndani pia, maana vijidudu hujificha humo. Kilichobaki kisafishwe na kichemshwe. Maji ya ziwani yasitumike kuoshea vyombo vya mtoto kabla ya kuchemshwa. Na anayesimama ziwani kufua nguo anajiweka katika hatari ya kichocho, hata kama nguo zenyewe zitatakata.

Nguo za kitoto ni kitu chepesi zaidi kurithisha. Zikatwe kamba za shingoni na vifungo vilivyolegea. Winda zikishafuliwa zikaushwe vizuri na zipigwe pasi pande zote, kwani sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, kisha funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Mbeleko au kanga ya kubebea ivutwe juani: ikionekana nyuzi zimeachana, ifanywe tambara.

Kiti cha gari na kigari cha kutembelea

Ndugu zetu wa Muscat na Dubai hutuletea viti vya gari vya watoto vilivyokwisha kutumika. Kiti kilichowahi kupata ajali hakitumiki tena, hata kama hakionyeshi ufa. Itazamwe pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye plastiki. Kisichojulikana historia yake kisitegemewe katika safari ndefu kama ya Mwanza hadi Musoma kupitia Bunda.

Ama kigari cha magurudumu cha kumfunza mtoto kutembea, tunashauri kisirithishwe kabisa. Kanada imepiga marufuku kukiuza tangu mwaka 2004. Humpeleka mtoto kwa kasi kwenye ngazi, kisima au jiko la mkaa kabla mama hajainuka.

Kumpa mwengine

Mwisho, yupo anayesema: mimi sikitumii, nitampa maskini. Tumrejeshe kwenye Suratul Baqara, aya ya 267, inayokataza kukusudia kutoa kile kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Godoro ulilomwogopea mwanao usimpe jirani kwa jina la sadaka. Na anayeuza ni wajibu wake kuitaja kasoro, kwani kuificha ni ghushi. Kilicho kizima toa kwa moyo mkunjufu. Kilicho kibovu kivunjwe kabla ya kutupwa, asije mwengine akakiokota.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, visiwani na bara. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.