Kipupwe Kinabisha Hodi: Itazame Bustani Yako Kabla ya Jalidi

Leo tunazungumza hasa na ninyi mlioko nyanda za juu za kusini: Njombe, Makete, Mufindi na milimani Mbeya. Mwezi Mei mvua zinakatika na kipupwe kinabisha hodi. Juni na Julai ndiyo miezi ya jalidi, yaani umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi juu ya majani. Usiku mmoja tu waweza kukunyang'anya viazi na maharage uliyoyatolea jasho.

Je, mkulima anaweza kujua jalidi itaanguka wapi? Ndiyo, anaweza. Bustani yenyewe inasema, ila sharti uitazame.

Ngoja nikueleze kosa langu. Nilipoanza kazi ya ubwana shamba, nilimshauri mama mmoja apande maharage chini kabisa ya kinyungu chake, penye unyevu mwingi. Akaniambia, "Mwanangu, pale majani huungua mapema kuliko kwingine." Mimi sikusikia, nilitegemea vitabu vyangu. Mwezi Julai nikakuta maharage yale yamekuwa meusi, kama yamemwagiwa maji ya moto. Yaliyokuwa juu, hatua 30 tu kutoka pale, yalikuwa mazima. Mama yule hakunigombeza. Lakini ile ndiyo mbegu aliyokuwa ameiweka akiba.

Sababu yake ni hii. Mawingu ni kama blanketi. Usiku usipokuwa na mawingu, ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, na hewa baridi ni nzito. Basi, kama hakuna upepo, huteremka polepole mfano wa maji na kutuama bondeni. Hapo ndipo jalidi huanza.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, anza kutazama mapema, tangu Mei. Toka asubuhi kabla ya jua. Ukiona nyavu za buibui zimejaa umande, ujue usiku ulikuwa mtulivu na wazi. Tembea kutoka juu mpaka chini. Miguu yako itahisi pale baridi inapozidi. Angalia ukungu umelala wapi, na majani yameanza kuungua wapi. Choma kijiti pale. Huo ndio mpaka wako.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, chini ya mpaka panda mboga zinazovumilia baridi: kabichi, sukuma wiki, karoti na vitunguu. Maharage, nyanya, maboga na viazi viwe juu yake.

Pili, ukiwa na ua upande wa chini wa bustani, fungua nafasi. Ua uliosongamana huzuia hewa baridi isipite, kama boma linavyozuia maji.

Tatu, ukiona jioni mbingu ni nyeupe na upepo umetulia, hakikisha udongo una unyevu. Mwagilia mchana, wakati jua lipo. Udongo wenye maji hutunza joto kuliko udongo mkavu. Miche michanga ifunike kwa nyasi juu yake jioni, uifunue asubuhi. Lakini angalia: nyasi kavu zilizotandazwa chini peke yake huzuia joto la udongo lisipande kwenye mmea. Hizo ni nzuri kwa kutunza unyevu, siyo kwa kukinga jalidi.

Nne, mipichi na mitufaha ikipukutisha majani, usidhani imekufa. Imelala. Usiing'oe. Mwezi Julai, kabla macho hayajavimba, ipogoe: toa matawi makavu na yanayosuguana.

Tano, usichome mabua na maganda ya maharage. Yakusanye, yachanganye na samadi, uyafunike yaoze. Mvua zikirudi utakuwa na mbolea yako. Ukifunua majani makavu ukakuta wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wamejificha, waache. Hao hula wadudu mafuta wanaonyonya kabichi yako.

Na kama jalidi imekwisha kupiga, usikimbilie kukata. Subiri siku chache. Viazi mara nyingi huchipua tena kutoka chini, ikiwa shina halikuungua lote.

Mwisho, weka mbegu ya akiba nyumbani, mahali pakavu. Usiipande yote kwa mara moja, hata kama bwana shamba amekuambia. Na wazee wa kijiji wakikuonyesha mahali pabaya, wasikilize. Wamepatazama miaka mingi.

Haya, ndugu mkulima, kesho alfajiri chukua kijiti chako ukatembee bustanini. Kwaheri, mpaka tutakapokutana tena.