Baada ya Kituo cha Kumi na Nne

Ijumaa za Kwaresima, Wakatoliki wa Kisangani, nchini Kongo, husali Njia ya Msalaba kama wenzao kwingineko: wanapiga magoti, wanasimama, wanaimba, wanasogea kituo cha mbele. Sala hii haihitaji vifaa vingi. Kanuni inataka misalaba 14 tu. Picha ni desturi. Watu wakibanana wasiweze kuzunguka, inatosha kiongozi ahame peke yake. Wafransisko ndio walioieneza, na mwaka 1731 Papa Klementi XII akathibitisha idadi ya vituo 14. Kwa wepesi wake huo, inasaliwa kanisani na hata uani kwa jirani, katekista akiongoza.

Anayeijua vizuri ataona mambo mawili hayamo. Katika kituo cha 12 Yesu anakufa, katika cha 13 anateremshwa. Mkuki uliomchoma ubavu umerukwa. Cha 14 kinamlaza kaburini, basi. Ufufuko haumo.

Ubavu uliochomwa ulifika Kisangani pamoja na wamisionari wenyewe. Padri Gabriel Grison, aliyeanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko ya Stanley mwishoni mwa 1897, alikuwa wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, watawa walioanzishwa na Léon Dehon huko Saint-Quentin, Ufaransa, mwaka 1878. Jeraha lile ndilo kiini cha sala yao. Wakati wa uasi wa Simba mwaka 1964 wengi wao waliuawa katika sehemu hizi, akiwemo Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Mwenzao Bernardo Longo aliuawa Mambasa.

Ufufuko, kwa upande wake, unapatikana kwenye rozari, na kanisa kuu la Kisangani limewekwa chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Rozari. Matendo ya uchungu huanza bustanini Gethsemani: jasho la damu, mijeledi, taji la miiba, kubeba msalaba, kifo. Matendo ya utukufu huanza na kaburi tupu. Shanga ni zilezile, Salamu Maria ni ileile, kidole kinasogea vilevile. Wengi huiona Njia ya Msalaba kuwa ndiyo sala kali ya mateso. Rozari ni kali kuishinda, kwa sababu ina ratiba ya juma, na ratiba haimwulizi mtu ameamkaje.

Juni 2000 ni mfano. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji kuanzia Jumatatu tarehe 5 hadi Jumamosi tarehe 10. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikadiria raia 760 waliouawa, nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa au kuharibiwa na watu 65,000 waliokimbia. Shule 69 zilipigwa mabomu, na kanisa kuu nalo halikusalimika. Sasa ichukuliwe kalenda ya Kanisa. Kupaa Bwana kulikuwa tarehe 1, Pentekoste tarehe 11. Mabomu yalianguka, basi, katikati ya tendo la pili la utukufu na la tatu, Kipindi cha Pasaka kikiwa bado hakijafungwa. Jumanne na Ijumaa za juma hilo zilikuwa za uchungu, jambo ambalo mtu wa Kisangani asingehitaji kukumbushwa. Lakini Jumatano, mapigano yakiendelea, zamu ilikuwa ya utukufu; na Jumamosi, siku ya sita, tena utukufu.

Leo ratiba si ileile. Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliongeza matendo ya mwanga, yakapewa Alhamisi, na matendo ya furaha yakahamia Jumamosi. Jumanne na Ijumaa hazikuguswa.