Ndoa Baada ya Upasuaji wa Uvimbe wa Ubongo: Maelezo kwa Watumishi wa Usharika

Utangulizi

Mgonjwa anaporudi kutoka hospitali akiwa hai baada ya kupasuliwa kichwa, usharika humshukuru Mungu, sadaka ya shukrani hutolewa, na jambo hilo huhesabiwa kuwa limekwisha. Kwa mume na mke wenyewe, mara nyingi ndiyo kwanza linaanza. Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo matatu: uvimbe wa ubongo ni nini na upasuaji wake hufanya nini, mambo gani hubaki nyumbani baada ya jeraha kufunga, na mchungaji afanye nini kwa watu hawa wawili.

Ili maelezo yasielee hewani, tutaweka mbele yetu mfano wa mume na mke wakulima wa migomba na maharage katika eneo la Nyamahanga, mkoani Kagera. Hao si watu fulani. Ni mfano tu. Lakini mchungaji aliyetumika katika sharika za vijijini hatashindwa kuwatambua.

1. Uvimbe na upasuaji wake

Fuvu la kichwa ni chombo kigumu kisichopanuka. Kitu chochote kinachokua ndani yake, hata kiwe cha aina isiyoenea mwilini, hubana ubongo. Ndiyo maana dalili za kwanza huwa ni kuumwa kichwa kunakozidi alfajiri, kutapika, macho kufifia, kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nacho, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Shirika la Afya Duniani hugawanya vivimbe hivi katika madaraja 4. Meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, kwa kawaida ni wa daraja la 1. Hukua polepole, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na ukiondolewa wote mgonjwa aweza kuishi miaka mingi. Glioblastoma ni ya daraja la 4. Hiyo hurudi hata baada ya upasuaji, mionzi na dawa. Basi mchungaji anayesikia tu kwamba fulani “ametolewa uvimbe” hajajua bado kama anakwenda kumtembelea mtu anayepona au mtu anayejiandaa kwa kifo. Ni lazima aulize, na aulize kwa upole.

Kufungua fuvu si jambo geni kabisa katika Afrika Mashariki. Waganga wa Kigusii nchini Kenya, waitwao omobari, walifungua fuvu za watu walioumia kichwa kwa vizazi kadhaa, na wengi wa wagonjwa hao waliishi. Upasuaji wa kisasa wa kuondoa uvimbe ulianza Uingereza: William Macewen alifanya hivyo Glasgow mwaka 1879, na Rickman Godlee akafanya London mwaka 1884. Mgonjwa wa Godlee alifariki mwezi mmoja hivi baadaye kwa maambukizo, si kwa uvimbe.

Kwa Walutheri wa Tanzania, sura ya karibu zaidi ya historia hii imo Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955 katika nchi ya Mbulu. Mwaka 2006 alifika pale Dilan Ellegala, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani. Wakati huo mabingwa wa fani hiyo katika nchi nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ellegala aliona kwamba akipasua mwenyewe na kuondoka, kazi itaondoka pamoja naye. Kwa hiyo alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi asiye na shahada ya udaktari, na Mayegga naye akamfundisha mwenzake. Habari hiyo iliandikwa kitabu na mwanahabari Tony Bartelme mwaka 2017. Tunaitaja kwa sababu inatufundisha jambo tutakalolirudia: tiba ya mgeni haitoshi mpaka wenyeji waweze kuiendeleza. Kadhalika kazi ya daktari wa upasuaji haitoshi mpaka nyumba na usharika viweze kuiendeleza.

2. Kinachobaki baada ya jeraha kufunga

Mke katika mfano wetu alipelekwa Bugando, Mwanza. Safari hupita Biharamulo na Geita hadi kwenye ghuba, ambako hadi mwaka 2025 wasafiri walingoja kivuko kati ya Busisi na Kigongo, na sasa huvuka kwa daraja lenye urefu wa kilomita 3. Wengine hulazimika kufika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Tiba ya mionzi, ambayo kwa miaka mingi ilipatikana Ocean Road pekee, sasa hutolewa Bugando pia. Hata hivyo nauli, chakula na malazi ya anayemuuguza mgonjwa ni mzigo ambao kwa familia ya wakulima huweza kumaliza mbuzi wote, na pengine shamba.

Anaporudi, nywele huota na kovu hufichwa na kilemba. Dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo, kama deksamethasoni, huongeza hamu ya kula na kuujaza uso. Majirani husema, “Mama amenenepa, amepona kabisa.” Kumbe uso ule umejazwa na dawa, na dawa ile ile humnyima usingizi na kumfanya awe mwepesi wa hasira. Nayo haiachwi ghafula. Hupunguzwa hatua kwa hatua kama daktari alivyoagiza. Dawa za kuzuia kifafa vivyo hivyo: anayeziacha kwa sababu anajisikia vizuri, au kwa sababu ameombewa, hujiletea kifafa kikali kinachoweza kumwua.

Mengine hutegemea sehemu ya ubongo iliyoguswa. Palipoguswa upande wa kulia, mkono na mguu wa kushoto hulegea. Palipoguswa upande wa kushoto, kwa watu wengi maneno hupotea: mgonjwa anafahamu analotaka kusema ila hapati neno. Kwa mtu wa Ngara aliyekulia katika Kihangaza au Kishubi na kusali kwa Kiswahili, lugha hizo mbili haziharibiki sawasawa kila mara. Yawezekana moja ikarudi mapema kuliko nyingine. Mchungaji ajaribu zote mbili kabla ya kusema kwamba mgonjwa hasikii.

Gumu kuliko yote ni kuguswa kwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hapo ndipo hukaa uwezo wa kuanza jambo, kupanga, na kujizuia. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kuamka sasa hukaa kitini hadi adhuhuri bila kuwasha moto, wala haoni kuwa kuna neno. Aliyekuwa mpole hutoa matusi mbele ya mama mkwe. Wifi zake husema ni kiburi cha mtu aliyehudumiwa sana. Juu ya hayo kuna uchovu usiofanana na uchovu wa jembe, uchovu usioondolewa na usingizi, unaoweza kudumu miezi mingi.

3. Mwenzi anayetunza

Katika mfano wetu mume sasa anapika, anachota maji, anahesabu vidonge, na usiku anasikiliza kama mke anapumua. Kila anayefika huuliza hali ya mgonjwa. Hakuna aulizaye hali yake yeye. Naye ana huzuni asiyoweza kuitaja. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Pauline Boss ameieleza huzuni ya namna hii: mtu yupo kwa mwili, lakini yule uliyemzoea hayupo. Kwa aliyefariki tunayo ibada ya mazishi, tunayo matanga, na majirani huja na kuni. Kwa aliyepona tunayo shukrani. Lakini kwa mume anayemwombolezea mke aliye hai na anayekaa pembeni yake hatuna ibada wala desturi. Akilia, ataambiwa hana shukrani.

Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2009 uliangalia wagonjwa 515 wenye ndoa, baadhi yao wakiwa na uvimbe mbaya wa ubongo, na wengine wakiwa na saratani nyingine au ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Mume alipokuwa ndiye mgonjwa, ndoa zilizovunjika zilikuwa asilimia 2.9. Mke alipokuwa ndiye mgonjwa, zilikuwa asilimia 20.8. Nchi ile si Ngara, na hesabu ile haiwezi kuhamishwa ikawa yetu. Lakini swali lake laweza kuhamishwa. Huku kwetu mume huenda asidai talaka mahakamani. Huenda akamrudisha mke kwa wazazi wake “akauguzwe,” kisha asimfuate tena. Au ndugu wakamshauri atafute wa kumpikia. Mambo haya hayaandikwi katika daftari la usharika, ila yanatendeka.

4. Wajibu wa mchungaji

Kwanza, ajue tofauti ya ugonjwa na dhambi. Maneno machafu ya mtu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo hayafai kupelekwa mbele ya baraza la wazee kana kwamba ni utovu wa adabu wa kawaida. Kabla ya kumtenga mtu kama huyo, wazee waelezwe kilichotokea kichwani mwake. Kosa hapa si dogo: tutakuwa tumemfukuza kundini kondoo kwa sababu ana jeraha.

Pili, ajue tofauti ya kifafa na pepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, miongoni mwa Wapogoro, akakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto kwa sababu watu waliogopa kumgusa aliyeanguka jikoni. Hofu hiyo haijaisha. Mchungaji afundishe hadharani kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate, na aonyeshe la kufanya: mlaze mgonjwa ubavu, ondoa vitu vya hatari karibu naye, usimkamate kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Kikizidi dakika 5, au kikirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali. Maombi yafanyike, na dawa ziendelee. Kimoja hakifuti kingine.

Tatu, afikirie upya Meza ya Bwana. Wapo wanaosita kumpa sakramenti mgonjwa asiyeweza tena kukiri kwa maneno wala kukumbuka Katekisimo. Lakini sisi tunabatiza watoto wachanga. Tunafanya hivyo tukiungama kwamba ahadi ya Mungu hutangulia akili ya mtu na haingoji jibu lake. Kama ahadi hiyo ilimshika kabla akili haijaamka, je, itamwachilia akili inapofifia? Katika maelezo ya kifungu cha kwanza cha imani, mwaka 1529, Luther alihesabu akili na fahamu miongoni mwa zawadi za Muumba. Zawadi ikipungua, aliyeitoa hajaondoka, wala aliyepewa hajaacha kuwa wake. Kwa hiyo mgonjwa apewe. Na kama kumeza ni shida, apewe kipande kidogo kilicholowanishwa, akiwa ameketi wima.

Nne, amtembelee mwenzi kwa ajili yake mwenyewe. Amwite kando na kumwuliza, “Na wewe, baba, unalalaje?” Kisha anyamaze, asikilize. Asiharakishe kumkumbusha kiapo cha ndoa. Mtu huyu anakitimiza kila anapomwosha mkewe. Anachohitaji ni mikono mingine. Yule mwenye kupooza katika Marko 2 alichukuliwa na watu wanne, si mmoja. Umoja wa wanawake, vijana na jumuiya ya nyumba kwa nyumba wapange zamu: siku ya kuchota maji, siku ya kupalilia, siku ya kukaa na mgonjwa ili mume alale au aende sokoni. Na zamu isiishe baada ya wiki ya pili. Uponaji wa ubongo huhesabiwa kwa miezi, pengine kwa miaka, nao husaidiwa na mazoezi madogo ya kila siku: kunyosha mkono uliolegea, kutaja majina ya vitu, kuimba wimbo unaojulikana. Mara nyingi aliyepoteza maneno ya kusema huweza bado kuyaimba. Kwaya basi ina kazi ya uponyaji katika nyumba hiyo.

Tano, asiahidi asichojua. Kuwaambia watu wawili kwamba yote yatarudi kama zamani ni kuwapa mzigo wa pili siku yasiporudi. Teolojia ya msalaba, ambayo Luther aliieleza Heidelberg mwaka 1518, hutuagiza kukiita kitu kwa jina lake. Basi tuseme: uvimbe umetolewa, hasara imebaki, na Mungu yupo pamoja na hawa katika hasara hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba daktari huondoa uvimbe kwa saa chache, lakini mume na mke huishi na matokeo yake kwa miaka. Wataalamu wa Mwanza na Dar es Salaam hawawezi kufika Nyamahanga kila juma. Mchungaji, mwinjilisti na wazee wa kanisa wapo pale tayari. Hivyo ibada ya shukrani na ifanyike, na kabla ya baraka ya mwisho yasomwe majina ya watakaokwenda nyumba ile Jumatatu.