Mzazi Asiachiwe Darasa Peke Yake

Tarehe 17 Machi, 2020, Serikali ya Tanzania ilitangaza kufunga shule zote, tangu za awali hadi kidato cha sita, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Kenya ilikuwa imetangaza hivyo siku mbili kabla, na Uganda ikafuata juma lile lile. Hatusemi kwamba hatua hiyo ilikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa mgeni, na mwenye nyumba hufunga mlango kwanza ndipo aulize ni nani abishaye hodi. Lakini siku zile lilipita wazo moja bila kujadiliwa, nalo ndilo tutakalo kulijadili leo: kwamba darasa likifungwa shuleni laweza kufunguliwa nyumbani, na kwamba mwalimu wake atakuwa mzazi.

Jambo hilo halikuwa la siku chache. Watoto wa shule za msingi wa Tanzania walirudi darasani tarehe 29 Juni, 2020, baada ya miezi mitatu na zaidi. Wengi wa wenzao wa Kenya walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari, 2021. Watoto wa shule za awali wa Uganda walingoja hadi tarehe 10 Januari, 2022, yaani karibu miaka miwili. Mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika kalamu alikaa muda huo wote mikononi mwa wazazi wake, na wazazi wenyewe walikuwa na kazi zao.

Masomo yalitolewa kwa redio, kwa televisheni na kwa simu. Ni kazi njema, na walioifanya wanastahili shukrani. Lakini Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilieleza mnamo Agosti 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kuyapata masomo ya namna hiyo. Hesabu hiyo ni kubwa mno, na msomaji aweza kuiona kuwa ya mbali. Basi na aitazame katika nyumba anazozijua.

Katika nyumba ya mfanyakazi simu janja huwa moja, nayo huondoka alfajiri mfukoni mwa baba aendaye kazini. Irudipo jioni, bando limekwisha, au fedha ya bando ndiyo hiyo hiyo ya unga. Chumba ni kimoja: humo analala mtoto mchanga, humo anapumzika mlinzi aliyekesha lindoni, humo ndimo linamotakiwa liwe darasa. Mama auzaye maandazi ameamka saa kumi za usiku kukanda unga, naye huambiwa kwamba mwanawe asipojua kusoma, kosa ni lake. Tuseme wazi matokeo yake, maana kuyaficha hakumsaidii mtu. Mama huchoka, baba hukasirika, fimbo hufanya kazi isiyoiweza, na mtoto hujifunza kitu kimoja tu: kwamba kitabu ni adui. Mzazi huyo hakukosa upendo. Amebebeshwa mzigo wa watu wengi, na wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wako watu wasemao kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza, na kwamba wazee wetu walifundisha bila shule. Ni kweli. Lakini wazee wetu hawakufundisha peke yao. Palikuwa na bibi wa kusimulia hadithi, shangazi wa kuonya, na jirani aliyekuwa na ruhusa ya kumkanya mtoto wa mwenzake. Tena kulea ni jambo moja, na kufundisha mtoto wa miaka 6 kuunganisha herufi ni jambo jingine. Mwalimu wa watoto wadogo huisomea kazi hiyo chuoni, na awapo darasani hatakiwi wakati huo huo kusonga ugali wala kuhudumia wateja. Wala kioo cha simu hakiwezi kushika nafasi yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa 1 kwa siku, na kwamba ikipungua hapo ni bora zaidi.

Nchi yetu yajua njia iliyo bora. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wapatao milioni 2 walisoma kwa njia ya redio. Lakini hawakuachiwa redio tu. Walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Zanzibar nayo, kuanzia mwaka 2006, ilikuwa na mpango wa vipindi vya "Tucheze Tujifunze" kwa watoto wadogo. Redio huuliza, hunyamaza ili watoto wajibu, huwaimbisha na kuwachezesha, na mtu mzima wa pale pale kijijini huwa pamoja nao akiwaongoza. Somo la njia zote mbili ni moja: sauti yaweza kutoka mbali, lakini mkono wa kumshika mtoto sharti uwe karibu, na usiwe mkono mmoja uliokwisha kuchoka.

Kwa hiyo twasema hivi. Shule zikifungwa tena, kila mtaa na uwe na vikundi vidogo vya watoto vyenye kusimamiwa kwa zamu, kwa kadiri usalama wa afya utakavyoruhusu. Walimu wawatembelee wazazi na kuwaeleza machache yatakiwayo, si kuwatumia rundo la mazoezi. Kwa mtoto mdogo nusu saa ya hadithi, ya vitendawili au ya kuhesabu maharage yatosha, nayo haihitaji bando. Akina baba nao wajue kwamba malezi si kazi ya mama peke yake. Na vyama vya wafanyakazi vidai, katika mikataba yao na waajiri, kwamba mzazi mwenye mtoto mdogo asipoteze kibarua kwa sababu shule imefungwa kwa amri.

Asiseme mtu kwamba hayo ni ya Korona na Korona imepita. Mwaka 2024 mafuriko yaliilazimisha Kenya kuahirisha kufungua shule, kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei. Mvua hazitaacha kunyesha, na maradhi hayatoi taarifa kabla ya kuja. Mpango hufanywa wakati shule ziko wazi, walimu wapo na wazazi wana nafasi ya kukutana. Wakati huo ndio huu.